Kutoka Kariakoo Hadi Mbeya kwa Nyumba ya Magurudumu

Mtume wetu (S.A.W.) ametujulisha kwamba safari ina taabu zake, na kwamba msafiri akisha kutimiza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Maneno hayo tulikuwa tukiyajua kwa ulimi tangu tulipokuwa watoto wa chuoni. Baada ya Idi Kubwa ya mwaka 2025 tuliyajua kwa mikono na kwa magoti, pembeni mwa barabara kuu iendayo Mbeya, na tumeona si vibaya kuwasimulia, maana katika nyumba za Waislamu hakuna asiyesafiri.

Tulikuwa watu kumi: mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka 76, kaka yetu mkubwa na mkewe, sisi na mama watoto wetu, na watoto watano, mkubwa wao kijana wa kaka mwenye miaka 17, na mdogo wao hajatimiza mitano. Haja yetu ilikuwa moja. Mama ana dada yake mmoja tu aliyebaki duniani, naye anakaa Uyole, karibu na mji wa Mbeya. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka tulisema tutampeleka, na kila mwaka tulipata udhuru. Mwisho mama akasema, bila ya hasira, "Basi nitakwenda kumzika, au yeye atakuja kunizika mimi." Baada ya neno hilo hapakuwa na udhuru tena.

Lakini mgongo wa mama haumruhusu kukaa kitini kutwa nzima, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni yapata kilomita 830. Ndege kwa watu kumi ilituzidi uwezo, na mama alitaka aende na wajukuu wake wote, apumzike kila atakapo. Ndipo kaka aliponunua Toyota Coaster iliyokwisha kutumika, tukaazimia kuifanya nyumba ya magurudumu.

Mtaa wenye jina la safari

Nyumba yetu ya urithi iko Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni. Msomaji asiyeufahamu mtaa huu hana budi kuelezwa jina lake kwanza, maana jina lenyewe ni habari ya safari. Majeshi ya Waingereza yalipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali hapa palifanywa kambi ya wapagazi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Mswahili ukalilainisha jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba risasi na unga na majeruhi kwa vichwa na mabega, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na njia za motokaa zilikuwa chache. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Babu yake mama alikuwa mmoja wao. Alitoka katika kambi hii kuelekea upande wa Rufiji, wala hakurudi. Mjini, katika Barabara ya Samora, limesimama sanamu la askari wa shaba lililowekwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita ile. Mama kila apitapo hapo hulitazama, akasema, "Huyu ana bunduki. Babu yetu alikuwa na mzigo."

Kambi iliondoka, soko likabaki. Jengo kubwa lenye mapaa kama miavuli lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, msanifu Mtanzania. Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua, na wengi walipoteza mali yao yote kabla ya alfajiri. Kisha kazi ya kulijenga upya ikaanza. Lakini soko la Kariakoo halikuwa jengo lile peke yake. Soko ni mitaa yote. Katika Mtaa wa Kongo kanga na viatu vimetandikwa chini mpaka mpita njia akose pa kuweka mguu. Katika Mtaa wa Msimbazi mabasi, bodaboda na mikokoteni hugombea nafasi moja. Na nyumba za Kiswahili zenye baraza, tulizozaliwa ndani yake, zimekwisha kuwa ghorofa za maduka. Wafanyabiashara huja kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Visiwa vya Ngazija. Na kati yao wote wapo wachukuzi, wenye jasho mgongoni, wakipaza sauti wapishwe njia. Zaidi ya miaka mia imepita, na Kariakoo bado huendeshwa na mabega ya watu.

Mafundi wawili

Kazi ya kuitengeneza motokaa yetu ilituchukua wiki tatu. Tuling'oa viti vya nyuma, tukaenda Keko kwa mafundi wa samani kuagiza kitanda cha mama na sanduku la vyombo. Fundi seremala, kijana mpole, alipima, kisha akatuuliza mgonjwa atalala upande gani. Tulipomwambia si mgonjwa, ni mama, akasema, "Basi nitamwekea ukingo wa shubiri moja, ili gari likiyumba asianguke." Hatukuwa tumelifikiri jambo hilo. Kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo, tulikubali mara moja.

Kutoka Keko tulikwenda Gerezani, penye maduka ya vipuri na mafundi wa magari. Fundi tuliyemwendea ni mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na ovaroli lake lilikuwa limekwisha kusahau rangi yake. Aliikagua breki, akabadili oili, akaufungua mfuniko wa rejeta na kuitia maji. Kisha akachuchumaa mbele ya tairi la kushoto, akaisugua kwa kidole namba ndogo iliyoandikwa ubavuni. Namba hiyo ilikuwa 3112.

"Mnaijua maana yake?" akatuuliza. Hatukuijua. Akaeleza kwamba tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa katika wiki ya 31 ya mwaka 2012.

"Lakini kashata zake bado zimesimama," akasema kaka.

"Zimesimama kwa sababu halikutembea sana. Mpira huzeeka kama mtu, hata akikaa nyumbani. Badilisheni haya mawili ya mbele kwanza. Na ule mpira wa rejeta nao umekuwa mgumu."

Hapa yatupasa kusema kweli, ijapokuwa inatuaibisha. Kaka yetu aliendesha malori miaka 22, na hakupenda kufundishwa mbele ya mwanawe. Akalipiga tairi teke, akacheka, akasema yeye hulijua tairi kwa mlio wake. Mzee wa Gerezani hakubishana. Akafuta mikono, akasema, "Gari ni lenu, bwana mkubwa. Mimi nimesema." Na sisi tuliokuwapo pale, wenye macho na masikio, tulinyamaza. Fedha ya matairi ilinunua godoro, mapazia na jiko jipya la gesi, vitu vilivyopendeza kutazama.

Kutoka mjini

Jumapili ya tarehe 15 Juni, baada ya sala ya alfajiri, tulikusanyika uani. Kaka tukamfanya amiri wetu, kama tulivyofundishwa kwamba watu watatu au zaidi wakisafiri wamteue mmoja wao. Mama akasoma dua ya safari, watoto wakaitikia. Tuliondoka kabla ya jua, kwa kuwa anayengoja kupambazuke Kariakoo atajikuta amezingirwa na mikokoteni asiweze kugeuza gari. Hata saa ile wachukuzi wa ndizi na mbogamboga walikuwa wamekwisha kuamka, na mmoja wao, alipoliona pazia la kitenge dirishani, akatuuliza kama tunahama.

Tulishika Barabara ya Morogoro, tukateremka bonde la Jangwani, tukapita Magomeni, Manzese na Ubungo. Watoto, waliokuwa wamefundishwa kwamba msafiri wa zaidi ya kilomita 80 na ushei huruhusiwa, kwa madhehebu ya Shafii, kufupisha sala akisha kuyaacha majengo ya mji wake, walianza kuuliza, "Je, mji umekwisha?" Tukapita Kimara, wakauliza; tukapita Mbezi na Kibamba, wakauliza; tukaingia Kibaha, na nyumba zingali zinafuatana. Mama akacheka, akasema ikiendelea hivi hatutafupisha sala mpaka Chalinze.

Morogoro, yapata kilomita 190 kutoka nyumbani, tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili, tukala wali tuliopika wenyewe chini ya mti. Mama alinyoosha mgongo saa mbili nzima. Tulijiona werevu kupita abiria wote wa mabasi. Naam, ndivyo alivyo mwanadamu akiwa ameshiba.

Mikumi

Barabara kuu ya Mbeya hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50. Hakuna uzio. Vibao huwaonya madereva wapunguze mwendo, na kuteremka garini hairuhusiwi ila kwa dharura. Tuliingia saa kumi na robo alasiri. Watoto walihesabu twiga, pundamilia na nyati, na mama akainuliwa kwenye mto ili aone tembo watatu waliokuwa wakila majani mbali kidogo na barabara.

Hatukuwa tumekwenda sana mbele ya tembo wale, mara tukasikia mlio kama wa bunduki. Gari likavutwa upande wa kushoto kwa nguvu. Vyombo vikaanguka, watoto wakapiga kelele. Hapa kaka alifanya jambo la fundi wa kweli: hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lichoke lenyewe mpaka likasimama penye majani. Wangapi wamepinduka kwa kuikanyaga breki saa kama ile! Tulipogeuka kumtazama mama, tulimkuta amebanwa na ukingo wa kitanda, ule wa shubiri moja, ameushika kwa mikono miwili, na ushungi wake umemfunika uso. Hakuumia. Bila ya mbao ile ya Keko angetupwa chini, kichwa kikitangulia penye chuma cha jiko.

Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limepasuka, nalo ni lile la namba 3112.

Kijana wa kaka alivunja matawi, akayapanga barabarani kwa umbali wa hatua hamsini, mbele na nyuma, pamoja na pembe tatu za tahadhari. Mama watoto na shemeji waliwazuia watoto ndani na kufunga madirisha. Tulipotia jeki, ikazama katika udongo. Ikatubidi kung'oa mbao ya chini ya kitanda tuiwekee. Tukaushusha mzigo, tukalitoa tairi la akiba. Tairi la akiba lilikuwa limenywea, halina upepo. Katika wiki tatu za kushona mapazia, hakuna aliyelikagua.

Jua lilikuwa likishuka. Wale tembo walikuwa wamesogea, tena sasa walikuwa upande wetu wa barabara. Magari madogo yalitupita, mengine yakipiga honi tu. Kaka alisimama na spana mkononi, hasemi. Hatujapata kumwona mtu mzima akiwa mpweke vile katikati ya jamaa zake.

Ndipo lori moja refu, lililokuwa likielekea Tunduma, likapunguza mwendo na kusimama nyuma ya matawi yetu. Dereva wake aliteremka haraka, akatazama tairi, akawatazama tembo, akarudi kwake bila ya kusema neno. Tulidhani ametuacha. Kumbe amekwenda kuchukua mpira mrefu. Malori makubwa huwa na mitungi ya upepo kwa ajili ya breki; akaunganisha mpira wake hapo, na kwa dakika chache tairi letu la akiba likasimama. Akatusaidia kulifunga, akizikaza nati kwa kuvuka kutoka moja hadi ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka, ili gurudumu likae sawasawa. Kaka alimtolea fedha, akaisukuma. Jina alilotutajia lilikuwa la Kikristo. Alikubali kikombe cha chai kutoka chupani na sambusa nne kwenye karatasi, na mama akamwombea dua dirishani, naye akaitikia "Amina" akiwa ameshika kofia yake. Kisha akaondoka, na hatutamwona tena.

Usiku wa maneno

Tulilala Mikumi mjini, katika kituo cha mafuta. Watoto walipolala, maneno yakaanza. Shemeji alimuuliza mumewe kwa nini hakumsikiliza mzee wa Gerezani. Kaka akamjibu kwamba godoro na mapazia hakuyataka yeye. Mama watoto wetu naye akaingia. Na sisi tukasema jambo ambalo tungependa lisingetoka kinywani mwetu, kuhusu miaka 22 ya malori.

Kukawa kimya. Kisha kaka, aliye mkubwa wetu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwingine afanywe amiri, maana yeye karibu amuue mama yake kwa kiburi.

Sote tulidhani mama amelala. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia: "Amiri habadilishwi njiani kwa sababu amekosea. Hubadilishwa akikataa kuambiwa. Na ninyi wengine mlikuwa na ndimi, mkazifungia nyumbani. Sasa kosa limekwisha kujulikana ni la nani na nani. Ninalotaka kujua ni nani ataamka kesho kulitazama lile tairi jingine la mbele, na ule mpira ambao mzee alisema umekuwa mgumu."

Hakuna aliyekuwa na la kujibu. Asubuhi tuliamka sote, tukayatazama matairi yote, pamoja na upepo wake. Mpira wa rejeta haukupatikana pale, na tairi la pili la mbele halikuwapo la kipimo chetu. Tukaazimia kwenda polepole mpaka Iringa.

Mlima Kitonga

Baada ya Mikumi njia huteremka mpaka Ruaha Mbuyuni, mahali pa vitunguu vilivyopangwa pembeni mwa barabara, kisha hufuata bonde la mibuyu ambalo halina mfano wake. Mibuyu husimama kilima kizima, mikubwa kwa midogo, kama watu waliokuja mkutanoni. Mwisho wa bonde ni mlima Kitonga, na hapo barabara hupanda kwa makona makali, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori yaliyojaa hujikokota kama kobe.

Tulikuwa katikati ya mlima. Mtoto wetu wa kike, mwenye miaka 11, aliyekaa nyuma ya dereva, akasema, "Baba mkubwa, nasikia harufu tamu, kama ya sukari inayoungua." Juzi angeambiwa anyamaze. Kaka hakuuliza mara mbili. Akatafuta penye upana, akasimama, akazima moto. Mvuke ulitoka mbele kama wa sufuria. Maji ya rejeta yenye dawa ya kupoza hunuka utamu yakivuja juu ya chuma cha moto, na mtoto yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kunusa. Mpira uliokuwa mgumu ulikuwa umepasuka.

Kijana alikwisha kushika kitambaa ili aufungue mfuniko wa rejeta. Baba yake akamdaka mkono. Wasomaji vijana wayashike haya: mfuniko huo haufunguliwi injini ikiwa ya moto hata kidogo, maana maji yaliyobanwa ndani huruka usoni, na wapo waliopoteza macho yao. Tulingoja saa nzima. Kisha tukaukata ule mpira palipopasuka, maana ulikuwa karibu na ncha yake, tukaurudisha na kuukaza kwa kibano, na juu yake tukauzungushia mpira wa baiskeli.

Yakabaki maji. Tulikuwa na madumu mawili: moja tulilitia katika rejeta, nusu ya la pili pia, na nusu iliyobaki ilikuwa ya kunywa kwa watu kumi. Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia, na mto uko chini kabisa bondeni. Watoto wakatazamana. Mama akasema, "Dini yetu haikumsahau msafiri. Udongo upo." Akateremshwa, akaegemea gari, akagusa udongo safi wa kando ya mlima kwa viganja vyake, akapangusa uso na mikono. Watoto wetu, waliosoma habari za kutayamamu katika vitabu wakidhani ni mambo ya watu wa jangwani zamani, walimfuata mmoja mmoja. Tuliswali pale, safu mbili fupi, malori yakipita karibu nasi.

Tulipomaliza, mama alibaki amekaa akilitazama bonde. Akasema, "Babu alipita nchi kama hii kwa miguu, ana mzigo wa watu wengine kichwani. Nanyi mmenibeba mimi nimelala." Kisha akaomba ainuliwe.

Uyole na kurejea

Iringa tulinunua matairi mawili na mpira mpya. Fedha ilizidi ile tuliyoikwepa Gerezani, tukailipa bila ya kunung'unika. Siku ya tatu tulipita Mafinga na Makambako katika baridi ya Juni iliyowafanya watoto wavae nguo zote walizochukua, na kabla ya magharibi tukaingia Uyole.

Mama mkubwa haoni vizuri siku hizi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, amejifunika blanketi. Hakuambiwa ni nani aliyefika. Mama aliinama, akampa mkono; naye akaushika, akaupapasa mpaka penye kovu la zamani chini ya kidole gumba, walilolipata siku moja wakigombea kisu cha nazi wakiwa wasichana. Akasema, "Umechelewa." Mama akajibu, "Nimechelewa." Tukaondoka mlangoni, tukawaacha.

Tulikaa siku sita. Katika kurejea, Kitonga tuliishuka kwa gia ya chini, mguu ukigusa breki kwa nadra, kwani breki ikikanyagwa mlima mzima hupata moto na kuacha kushika. Mikumi tulipita asubuhi. Kariakoo tulifika usiku, na hata hivyo ilibidi tungoje mkokoteni wa magunia upite.

Kesho yake kaka alikwenda Gerezani, nasi tukamfuata. Mzee alikuwa chini ya gari jingine. Kaka akachuchumaa palepale penye mafuta, akamwambia, "Mzee, ulisema kweli, na mimi nilikudharau mbele ya mwanangu. Nimekuja naye ili asikie nikikuomba radhi." Mzee alitoka taratibu, akaketi. Hakuuliza habari za tairi. Aliuliza, "Mama yenu hajambo?" Tulipomwambia hajambo, akamshukuru Mungu. Kisha akasimama, akayazunguka matairi mapya, akazisoma namba zake moja baada ya moja, akaitikia kwa kichwa.

Wasomaji wetu, wengi wenu mtasafiri likizo zijazo kwa motokaa zenu, au za ndugu zenu, au za kukodi. Someni namba za matairi kabla ya kununua mapazia. Tieni upepo tairi la akiba. Chukueni maji zaidi ya mnayodhani yatatosha, na mbao ya kuwekea jeki. Mfanyeni mmoja wenu kuwa amiri, na amiri akubali kuambiwa, hata na mtoto wa miaka 11. Na kama mnaye ndugu wa mbali ambaye kila mwaka mnasema mtakwenda kumwona, basi nendeni mwaka huu. Taabu za njiani huponyeka. Mikono ile miwili, siku moja, haitashikana tena.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu wote salama ya kwenda na ya kurudi. Amin.